Kurudia Super Sentai: mwongozo kamili wa shabiki

Super Sentai ni ukoo wa mifululizo ya televisheni ya Japani kuhusu vikosi vya mashujaa waliovaa suti za rangi. Ya kwanza, Himitsu Sentai Gorenger, ilianza kurushwa Japani tarehe 5 Aprili 1975, na ina sehemu 84. Iliyoifuata, J.A.K.Q. Dengekitai, ina sehemu 35. Kuanzia Battle Fever J ya mwaka 1979 ukawa ni mfululizo mmoja kila mwaka, wenye sehemu kati ya 45 na 55, mpaka tukafika No.1 Sentai Gozyuger ya 2025 iliyoadhimisha miaka 50. Jumlisha zote, zinapita 2,300. Mtu akiangalia sehemu moja kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, atahitaji miaka sita na ushee. Ndiyo maana wengi wanaotangaza kwamba wanarudia "zote toka mwanzo" hukwama kwenye Gorenger yenyewe, Kiranger, yule wa njano, akiwa bado anakula wali wake wa kari.

Anayefika mwisho ni yule anayechukua mfululizo mmoja na kuula taratibu. Mara ya kwanza ulimfuata steringi, ukitaka kujua kama atashinda. Sasa unajua atashinda, kwa hiyo macho yako yana nafasi ya kuona kazi ilivyofanywa: nani yumo ndani ya suti, kwa nini roboti mpya ametokea wiki ile na si wiki nyingine, machimbo yale yale ya mawe yanavyolipuliwa kwa mara ya hamsini. Mwongozo huu unahusu kuangalia kwa namna hiyo.

Hesabu ya muda na kuchagua

Sehemu moja ni dakika 20 hadi 25 ukiondoa matangazo. Mfululizo wa sehemu 50 ni kama saa 20. Ukikaa mara tatu kwa wiki na kuangalia sehemu mbili kila unapokaa, utamaliza kwa wiki nane na siku chache. Kasi hiyo inatosha. Zaidi ya sehemu nne kwa mkao mmoja, mazimwi yanaanza kufanana na hukumbuki lipi lilikuwa la leo.

Mfululizo wa kurudia si lazima uwe ule ulioupenda kuliko yote. Kuna kazi ambazo hupoteza ladha ukishazijua, na kuna ambazo hukolea. Shinkenger ya 2009 inakolea kuliko nyingi: karibu na mwisho kuna siri inayofichuka kuhusu bwana wa kikosi, na ukirudia huku unaijua, kila anapopigiwa magoti na watumishi wake unaona kitu usoni mwake ambacho mara ya kwanza kilikupita. Iliandikwa na Yasuko Kobayashi, aliyeandika pia Gingaman (1998) na Timeranger (2000). Ukimpenda huyo, pita kwa mpangilio wa miaka na utaona mwandishi akikua.

Jetman ya 1991 ni chaguo la pili, hasa kwa mtu mzima. Ni hadithi ya mapenzi na wivu ndani ya kikosi, kalamu kuu ikiwa ya Toshiki Inoue. Huyo huyo alirudi miaka 31 baadaye kuandika Donbrothers ya 2022, na ukiziangalia moja baada ya nyingine utacheka peke yako: ubishi wa watu wasiopatana ni ule ule, ila sasa ni vichekesho. Carranger ya 1996 ni ya kucheza shere Sentai nyingine, kwa hiyo usiirudie kabla hujazijua vizuri angalau tatu. Utani wake unategemea unachokijua tayari.

Anayependa mitambo asichague mfululizo mzima, achague ngazi. Battle Fever J (1979) ndiyo ya kwanza kuwa na roboti mkubwa. Denziman (1980) ina Daidenzin, roboti wa kwanza anayebadilika umbo kutoka chombo cha angani. Sun Vulcan (1981) ina wa kwanza anayeungana kutoka vyombo viwili. Flashman (1986) ndiyo ya kwanza kumleta roboti wa pili. Liveman (1988) ndiyo ya kwanza kuwaunganisha roboti wawili kuwa mmoja. Chukua sehemu mbili ambamo kila kitu hicho kinaonekana kwa mara ya kwanza, na kwa mikao mitano utakuwa umeona miaka tisa ya ufundi wa Nobuo Yajima na mafundi wake wa picha za hila.

Kabla hujatoa pesa, onja. Kampuni ya Toei, watengenezaji wa Sentai, ilifungua chaneli ya YouTube iitwayo Toei Tokusatsu World Official mwezi Aprili 2020, na humo iliweka sehemu mbili za mwanzo za mifululizo mingi ya zamani, baadhi zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Mbili zinatosha. Sehemu ya kwanza huwa na pesa nyingi na milipuko mingi, hivyo haisemi ukweli. Ya pili ndiyo inayokuonyesha mwendo wa mwaka mzima utakuwaje.

Nakala na mtego wa kanda

DVD zenye maandishi ya Kiingereza zilianza kutolewa rasmi Marekani na Shout! Factory mwaka 2015, wakianza na Zyuranger, kisha zikafuata nyingi nyingine zikiwemo Dairanger, Kakuranger, Carranger, Timeranger na Jetman. Hapo kuna mtego unaowanasa wanunuzi wa Afrika Mashariki. DVD zina kanda: Marekani ni kanda ya 1, Japani ni ya 2, na Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wako kanda ya 5. Deki iliyotengenezwa kwa ajili ya soko letu ikifuata sheria kikamilifu itaikataa diski ya kanda ya 1 na kuandika kosa la kanda kwenye skrini. Deki nyingi za bei nafuu hazijali kanda hata kidogo, lakini usikisie: chukua DVD yoyote ya Marekani ya mtu unayemjua, nenda nayo dukani, ijaribu kabla ya kulipa.

Kwenye kompyuta, kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha hujifunga kwenye ile ya mwisho. Ukishakichagulia kanda ya 1 kiache hapo.

Blu-ray wana mgawanyo wao. Japani na Amerika zote mbili ni kanda A, Afrika na Ulaya ni B. Suala la NTSC na PAL, mifumo miwili ya picha za televisheni, halisumbui tena kwenye televisheni bapa za siku hizi. Linasumbua kwenye zile za kisogo, ambapo picha hutokea nyeusi na nyeupe au hutembea juu chini.

Diski za Japani zenyewe zina picha nzuri, lakini kwa kawaida hazina maandishi ya Kiingereza, seuze Kiswahili. Ni za mkusanyaji, au za mtu anayejifunza Kijapani.

Kutengeneza picha kabla ya sehemu ya kwanza

Kazi za miaka ya 70, 80 na 90 zilipigwa kwa filamu ya milimita 16, na umbo lake ni 4 kwa 3. Televisheni yako ni 16 kwa 9. Ukiiacha itanue picha, Aka Ranger, yule mwekundu wa Gorenger, anakuwa mnene na roboti anakuwa mfupi kama jiko. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3, ukubali mistari meusi pembeni. Usitumie "zoom" pia, maana inakata juu na chini, na pembe za helmeti pamoja na mwali wa upanga viko huko huko juu.

Anayetumia programu ya video ya VLC kwenye kompyuta ajue vitufe vinne. A hubadilisha umbo la picha. D huondoa mistari ya meno ya msumeno inayotokea kwenye DVD za zamani mtu anaporuka au kamera inapogeuka haraka. G na H husogeza maandishi mbele au nyuma, nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde kila unapobonyeza.

Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile toka mwanzo hadi mwisho, G na H zinamaliza kazi. Yakianza sawa halafu yakazidi kuachana na sauti kadiri muda unavyokwenda, tatizo si kuchelewa, ni mwendo: faili la maandishi lilitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na video yako ina 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni kama asilimia 4, na kwa sehemu ya dakika 24 inafika dakika nzima. Hapo ubonyeze G mpaka kidole kiume, haitasaidia. Fungua faili kwa programu ya Subtitle Edit, ambayo ni ya bure, badilisha mwendo wa picha, hifadhi upya.

Wanaocheza kutoka flashi moja kwa moja kwenye televisheni wazingatie mambo mawili. Faili la maandishi liwe la aina ya SRT na lipewe jina lile lile la video, herufi kwa herufi. Pili, lihifadhiwe kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo majina yenye mstari juu ya irabu yatageuka alama za ajabu. Kwa ubora wa 480p sehemu moja huchukua takriban MB 150 hadi 250, kwa hiyo mfululizo wote unaingia kwenye flashi ya GB 16. Usipoteze nafasi kutafuta faili kubwa zaidi kwa kazi za zamani zilizotoka kwenye DVD. Kitu ambacho hakikuwemo kwenye diski hakiongezeki kwa kukuza faili.

Namba za sehemu nazo zina vituko. Turboranger (1989) ilianza na sehemu maalumu ya utangulizi, na wengine huihesabu kuwa ya 1 wakati wengine hawaihesabu, kwa hiyo orodha mbili zinaweza kupishana kwa namba moja mwaka mzima. Angalia jina la sehemu, si namba. Utangulizi huo wenyewe ni wa kutazama hata kama Turboranger haikuvutii: unakusanya vikosi 10 vilivyotangulia, kuanzia Battle Fever hadi Liveman. Gorenger na JAKQ hawamo, kwa sababu wakati ule Toei walikuwa bado hawajawahesabu kwenye ukoo. Timeranger kwa upande wake inamalizika kwenye sehemu ya 50. Ya 51 ni ya kumbukumbu tu, na ukiichukua kama mwisho utajiuliza mwisho gani ule.

Kalenda iliyojificha

Sentai ni tangazo la Bandai, kampuni ya midoli, lenye hadithi ndani yake, na waandishi wazuri ni wale walioitumikia kalenda ya midoli bila kuonyesha jasho. Ukiijua kalenda hiyo, kurudia kunakuwa kama kuangalia mechi ukiwa umeona karatasi ya kocha.

Kwa miongo mingi mfululizo ulianza mwezi wa pili, na baadaye mara nyingi wa tatu. Sehemu za kwanza nne au tano hutambulisha wahusika, silaha na roboti wa kwanza. Kuanzia karibu na sehemu ya 17 anaingia mtu wa sita wa kikosi: Burai, Dragon Ranger, anatokea kwenye Zyuranger sehemu ya 17. Shinken Gold wa Shinkenger anaingia sehemu ya 17. Gokai Silver wa Gokaiger naye, sehemu ya 17. Si ajali. Kiangazi cha Japani huleta filamu fupi ya sinema, utaratibu ulioshika tangu Gaoranger mwaka 2001. Halafu roboti wa pili, roboti wa tatu, muungano wao. Kufikia Desemba, sikukuu ikikaribia, kila kitu kinachouzika kimeshaonekana, na ndipo waandishi wanapoachiwa hadithi yao. Sehemu kumi za mwisho mara nyingi ni bora kuliko thelathini za katikati, na sababu ni hiyo.

Bonde la uchovu liko kati ya sehemu ya 20 na ya 30. Kila wiki kuna kifaa kipya kinachohitaji dakika tatu za kuungana na roboti, na hadithi inasubiri mlangoni. Usiache mfululizo hapo. Punguza iwe sehemu moja kwa mkao, na ruhusu nafsi yako kuruka picha za kuungana kwa roboti ukishaziona mara tatu. Hizo ni picha za akiba: zilipigwa mara moja na hutumika tena na tena. Zilipobadilishwa, hata kwa sekunde chache, jua kuna jambo.

Kitu kingine cha kurukwa bila dhambi ni sehemu za kumbukumbu za mwisho wa mwaka, zilizoshonwa kwa vipande vya zamani.

Filamu za "VS", ambapo kikosi cha mwaka huu kinakutana na cha mwaka uliopita, zilianza na Ohranger na Kakuranger mwaka 1996 kama kanda za video, na kuanzia 2009 zikapanda kwenye majumba ya sinema. Ziangalie baada ya kumaliza mfululizo mpya kati ya hiyo miwili, hata kama orodha fulani inakuambia uziingize kati ya sehemu ya 45 na 46. Ukiziingiza pale unakata pumzi ya hadithi wakati inapokaza.

Mbili mbili, na daftari

Muongozaji wa Sentai kwa kawaida hupiga sehemu mbili kwa pamoja, wakati mwingine tatu. Mahali pa kupigia hukodiwa kwa ajili ya zote, wageni huja mara moja, hata hali ya hewa hufanana. Kwa hiyo angalia mbili mbili kwa kufuata jina la muongozaji linalotokea mwanzoni au mwishoni. Pale jina linapobadilika ndipo mkao mpya unapoanza. Baada ya wiki tatu utaanza kumtambua mtu kabla jina lake halijatokea: huyu anapenda kamera chini karibu na ardhi, yule hawezi kumaliza pambano bila mtu kuanguka kwenye maji.

Daftari liwe na safu tano tu: namba ya sehemu, mwandishi, muongozaji, kilichoonekana kwa mara ya kwanza, na jambo moja ulilolitambua ambalo mara ya kwanza lilikupita. Safu ya tano ndiyo yenye thamani. Ikikaa tupu sehemu sita mfululizo, ama umechoka ama mfululizo huo haukustahili kurudiwa, na hakuna aibu kuuacha.

Macho yatazame wapi

Anza na kujitaja. Wanapopanga mstari na kila mmoja akatamka jina lake kwa ishara yake, Wajapani huita nanori, desturi waliyoichota kwa wapiganaji wa zamani waliotaja jina na ukoo kabla ya kuchomoa upanga. Aliyesoma fasihi simulizi shuleni ataitambua mara moja: ni majigambo. Gorenger walijitaja kwa rangi, na wakafunga kwa pamoja, "Gonin sorotte, Gorenger!", yaani tumetimia watano. Jifunze maneno matano tu na masikio yako yatafunguka: aka ni nyekundu, ao bluu, ki njano, momo waridi, midori kijani. Kisha hesabu sekunde. Nanori kamili yenye moshi wa rangi nyuma hutokea kwenye sehemu muhimu, na wiki za kawaida hukatwa nusu. Wakijigamba bila helmeti, nyuso wazi, weka kila kitu chini uangalie.

Kisha mtu wa ndani. Anayeonekana usoni na anayerusha teke ndani ya suti mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kazuo Niibori alivaa suti nyekundu karibu miaka yote ya 80, mpaka Fiveman ya 1990. Hirofumi Fukuzawa alikuwa ndani ya Deka Red, Shinken Red na Gokai Red. Helmeti haina uso, kwa hiyo fundi wa ndani huzungumza kwa mabega na shingo. Fanya jaribio hili: zima sauti, chagua dakika mbili za mazungumzo ambapo wote wamevaa helmeti, na jaribu kujua nani anaongea. Aliye fundi utamjua. Kisha linganisha jinsi mhusika anavyotembea bila suti na akiwa nayo. Waliofanya kazi kwa makini walisomana mwendo, na utaona hata namna ya kugeuza kiuno inafanana. Kwa miaka mingi hata suti za wasichana zilivaliwa na wanaume, na hilo pia linaonekana ukishajua pa kutazama, hasa mikononi.

Wengi wao walitoka Japan Action Club, kikundi kilichoanzishwa na mwigizaji Sonny Chiba. Milipuko mikubwa unayoiona nyuma yao hupigwa mara nyingi kwenye machimbo ya mawe ya zamani ya Iwafune, mkoa wa Tochigi. Ukishautambua ule ukuta wa mwamba uliokatwa, utauona kwenye mfululizo baada ya mfululizo, ukicheza sayari ngeni, kuzimu, na Japani ya kale, kwa zamu.

Njia nyingine ni kumfuata mtu mmoja. Machiko Soga ni Malkia Hedrian kwenye Denziman (1980) na Sun Vulcan (1981), mchawi Bandora kwenye Zyuranger (1992), na mtakatifu Magiel kwenye Magiranger (2005). Miaka 25 ya mama yule yule, kutoka ushetani hadi utakatifu, na kicheko hakikubadilika. Aliyemwona Rita Repulsa kwenye Power Rangers alimwona yeye pasipo kujua, maana picha zake za Zyuranger ndizo zilizotiwa sauti ya Kiingereza.

Suti zisizo na sketi na mambo mengine ya Power Rangers

Watazamaji wengi wa Kiswahili walianzia Power Rangers, na njia nzuri ya kuingia Sentai ni kuweka asili na nakala kando kwa kando. Mighty Morphin Power Rangers ilianza Marekani tarehe 28 Agosti 1993 ikitumia mapambano ya Zyuranger. Msimu wa pili ukachukua suti nyeupe na mitambo ya Dairanger, wa tatu mitambo ya Kakuranger. Kuanzia Zeo (Ohranger) kila mwaka ukafuata suti zake: Turbo ni Carranger, In Space ni Megaranger, Lost Galaxy ni Gingaman, Lightspeed Rescue ni GoGoFive, Time Force ni Timeranger, Wild Force ni Gaoranger, Ninja Storm ni Hurricaneger, Dino Thunder ni Abaranger, SPD ni Dekaranger.

Mfano wa kuangalia kwa karibu: Ranger wa njano wa Mighty Morphin ni msichana, Trini. Suti ya waridi ina sketi fupi, ya njano haina. Sababu ni kwamba kwenye Zyuranger wa njano ni mvulana, Boi, na Wamarekani waliibadilisha jinsia bila kubadilisha picha. Ukishaliona hilo, angalia pambano lolote la msimu wa kwanza: mwili wa Trini hubadilika anapovaa helmeti.

Usiangalie sehemu ya Zyuranger na ya Power Rangers siku moja kwa mpangilio wa namba, hazilingani. Chukua zimwi kama kielelezo. Tafuta zimwi lile lile pande zote mbili, angalia la Japani kwanza, na uandike Wamarekani walikata nini. Mara nyingi ni damu, ni mtoto anayelia, ni kifo. Burai ana uhai uliohesabiwa kwa mshumaa, na kwenye sehemu ya 42 mshumaa unazimika. Tommy, anayeshika nafasi yake upande wa Marekani, alipoteza nguvu tu. Hayo si mabadiliko madogo, na ndiyo yanayofanya hata shabiki sugu wa Power Rangers aione Zyuranger kuwa hadithi nyingine.

Kwa ajili hiyo, ukikaa na watoto, pitia sehemu wewe kwanza. Zyuranger, Jetman na Timeranger zina vifo vya kweli, na kwenye Bioman Yellow Four wa kwanza anauawa mapema, sehemu ya 10. Mtoto asiyesoma Kiingereza msomee kwa Kiswahili papo hapo, lakini usitafsiri kila mstari. Majina ya mapigo yaache kwa Kijapani, watoto huyashika kwa siku moja. Mazungumzo fupisha kwa maneno yako. Wakati wa majigambo nyamaza kabisa.

Battle Kenya

Battle Fever J ina kikosi kilichovalishwa nchi na mabara: Battle Japan, Battle France, Battle Cossack, Miss America, na Battle Kenya. Mhusika wa Battle Kenya, Shirō Akebono, ni Mjapani, na aliigizwa na Kenji Ohba. Wengi wao hupigana kwa mtindo wa ngoma. Ya Kenya, ukiitazama kutoka Nairobi au Mombasa, ni Afrika iliyotungwa Tokyo mwaka 1979: kuruka kama mnyama, kupenda wanyama, kucheka kwa sauti. Hakuna Mkenya atakayejiona humo. Itazame hata hivyo, ukigawanya daftari lako mara mbili: upande mmoja yale yanayokuudhi, upande wa pili namna Ohba anavyoruka. Alikuwa mtu wa Japan Action Club, na wepesi wake haukutokana na kamera. Mwaka uliofuata akawa Denzi Blue, na 1982 akawa Gavan, shujaa wa peke yake nje ya Sentai.

Gokaiger kama mtihani

Weka Kaizoku Sentai Gokaiger (2011, sehemu 51) mwisho wa kila kitu. Ni maharamia wanaotumia nguvu za vikosi 34 vilivyotangulia, na wageni wa zamani huja na nyuso zao halisi. Kuiangalia bila kujua walikotoka ni kama kwenda harusini usikomjua bwana wala bibi.

Kabla ya sehemu ya 3 ya Gokaiger, angalia mbili za mwanzo za Magiranger. Kabla ya 5, mbili za Dekaranger. Kabla ya 14, Carranger yoyote uliyoipenda. Sehemu ya 28 inahitaji Jetman nzima, au angalau ya 51 yake, na iliandikwa na Inoue mwenyewe. Ukiugeuza mpangilio umejimwagia mboga kabla ya ugali kuiva. Kabla ya 40, rudia sehemu za Timeranger zinazowahusu Domon na Honami, kisha ya 50. Filamu ya Gokaiger na Goseiger yenye mashujaa 199 ilitoka tarehe 11 Juni 2011, kati ya sehemu ya 16 na ya 17, na hapo ndipo pa kuiweka.

Ukimaliza ya 51, malizia na filamu ya Gokaiger na Gavan ya tarehe 21 Januari 2012. Kenji Ohba yumo, na safari hii ni watu watatu kwa mpigo: Denzi Blue, Battle Kenya na Gavan. Tafuta pale Battle Kenya anapotua kutoka kuruka, simamisha picha, kisha fungua ukurasa wa daftari ulioandika kuhusu Battle Fever J na ulinganishe magoti.